Vipimo Sitini na Vitatu

Nyumba za Wanafunzi Wenye Familia,
Jengo B, Ghorofa ya Tatu, Mlango wa 9.
Jumapili, 9 Machi

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, ingawa najua bahasha hii umeishika kwa ncha za vidole. Habari za miezi yote hii? Mgongo wako umepoa, au bado unalala sakafuni? Na shemeji je, macho yake yanaendeleaje? Ile dawa ya matone anaitumia, au ameshaificha mahali pamoja na miwani aliyoandikiwa na hospitali? Mwambie nimeuliza, na nataka jibu la kweli.

Sisi huku ni wazima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Bibi, kitoto chetu cha miezi sita, anaota jino la pili na ameamua kwamba jambo hilo halitapita kimyakimya. Waziri ametimiza miaka sita, anatoa amri kama kawaida yake, na wiki hii amepiga marufuku karoti. Wifi yako amekonda. Mimi nimenenepa, na usiulize kwa nini, kwani anayemaliza vyakula vinavyobaki kwenye sahani za watoto ni nani?

Niingie kwenye jambo lenyewe, maana nakujua, ukiona nazunguka utaiweka barua juu ya kabati mpaka Pasaka. Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya ukurasa mmoja na nakala ya barua yako ya mwaka jana. Naomba uweke sahihi kwenye fomu na uirudishe, inifikie kabla ya tarehe 30 Aprili. Ukisaini, wifi yako anakabidhi tasnifu yake na mwaka huu tunarudi nyumbani. Usiposaini, itabidi arudie vipimo vya mwezi wa Septemba, na Septemba hailetwi mapema kwa ajili ya mtu yeyote, kwa hiyo ni mwaka mwingine mzima. Sasa nikueleze tumefikaje hapa. Tafadhali kaa kwanza.

Maisha ya huku nilishawahi kukueleza, ila ulikuwa hujanuna, kwa hiyo pengine umesahau. Tuna vyumba viwili. Kimoja tunalala wote wanne, na cha pili ni jiko, sebule, chumba cha kusomea cha wifi yako na uwanja wa mpira wa Waziri. Chini kuna mashine moja ya kufulia kwa familia kumi na mbili, na ratiba yake imebandikwa ukutani kwa gundi isiyobanduka. Sisi zamu yetu ni Jumanne, saa saba mchana hadi saa tisa. Ukichelewa dakika tano unakuta nguo za mwenzako zinazunguka, na yeye mwenyewe amekunja mikono anakutazama. Nimegombana katika chumba kile kuliko nilivyowahi kugombana maishani, na wewe unajua nilikulia na nani.

Wifi yako naye anaondoka asubuhi na kurudi jioni, na akirudi anafungua kompyuta kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba Bibi. Mwaka wa kwanza walimwambia utafiti wake ni mkubwa mno, aupunguze. Mwaka wa pili wakamwambia ni mdogo, auongeze. Mwaka wa tatu msimamizi wake, huyo profesa ambaye nyumbani kwetu anaitwa Bwana Nukta kwa jinsi anavyozungushia wino mwekundu kila nukta ya desimali, alimrudishia sura ya pili mara saba. Mara ya saba alitaka irudi ilivyokuwa mara ya pili. Mke wangu aliifunga kompyuta. Alikwenda bafuni akafungua bomba, akakaa humo mpaka Waziri akaenda kumgongea.

Utafiti wenyewe ni wa kuta. Najua shemeji hucheka akisikia kwamba mtu amepanda ndege kwenda kusomea ukuta, basi umweleze hivi: wamejenga vipande vya ukuta juu ya paa la kitivo, vya udongo uliochanganywa na majivu, na kila kimoja kimechomekwa vipimajoto. Anataka kujua ukuta unapokea joto saa ngapi na kulitoa saa ngapi, ili siku moja darasa lenye watoto sitini chini ya bati lisiwe tanuri. Darasa hilo ni langu, lile ulimoniletea chakula siku ya kwanza ya kazi ukasema unafundisha au unaoka? Hapo ndipo wifi yako alipolipata wazo. Vipimo husomwa mara tatu kila siku, bila kuruka hata moja, kwa mwaka mzima.

Septemba akajifungua, na kama ujuavyo haikuwa rahisi. Siku tisa wodini, kisha daktari akatoa amri asipande ngazi mpaka kidonda kifunge vizuri. Na paa la kitivo lina ngazi themanini na nne, nazijua moja moja. Nani akasome vipimajoto? Mimi, tena nilijitolea mwenyewe kwa kifua mbele. Miaka kumi na minne nimefundisha hesabu, nishindwe kusoma namba kwenye kioo na kuziandika kwenye daftari? Siku ishirini na moja nilipanda na kushuka, Waziri nyuma yangu akihesabu ngazi kwa sauti na kukosea kwenye sabini. Vipimo sitini na vitatu, Dada. Sikukosa hata kimoja, mvua ikinyesha, mke wodini, mtoto analia njaa.

Na kila kipimo nilikiandikia saa. Asubuhi niliandika 2 asb., mchana 8 mch., na usiku ukiingia 2 usk. Umeona kosa? Hujaliona. Na mimi sikuliona. Na wifi yako, nilimpelekea daftari kitandani akalipitia ukurasa kwa ukurasa, mtoto kifuani, na hakuliona, akaniambia ahsante mume wangu mwandiko wako ni mzuri.

Karani wa maabara, anayeingiza namba kwenye kompyuta, hajui asb. wala usk. ni kitu gani. Alidhani ni majina ya vipimajoto. Saa mbili asubuhi kwa watu hawa ni saa nane, kwa sababu wao siku yao huanza katikati ya usiku, sijui kwa faida ya nani. Basi yeye akaandika kwamba kipimo cha kwanza kilisomwa saa mbili ya kwao, yaani usiku wa manane. Cha pili akakiweka saa nane ya kwao, asubuhi. Cha tatu, alipoona 2 nyingine, akaona bila shaka hii ni ya mchana. Siku ishirini na moja zote zikarudi nyuma saa sita.

Tuliishi kwa amani mpaka Januari. Bwana Nukta akachora grafu ya mwaka mzima na kukuta kwamba ukuta ule una akili timamu miezi yote, isipokuwa wiki tatu za Septemba, ambapo unachemka asubuhi na mapema na kupoa jua likiwa utosini. Angeweza kuuliza. Ofisi yake iko hatua ishirini kutoka kwenye meza ya wifi yako, na mdomo anao. Badala yake aliandika barua kwa kamati ya nidhamu kwamba namba hizo hazikupimwa, zimetungwa, maana ni nani aliyepanda paani usiku wa manane wakati mwenye utafiti yuko wodini?

Dada, unajua maana ya neno hilo kwa watu hawa? Ukipatikana umetunga namba, hawakutoi maksi. Wanakutoa wewe. Miaka minne, ujauzito mmoja, sura ya pili mara saba, yote inakwenda na maji, na jina lako linabaki kwenye faili.

Siku barua ile ilipofika tulikaa mezani na daftari, kila mmoja akimtafuta mchawi. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe huandika vipi. Akaniambia huandika saa zao, tangu siku ya kwanza, amezoea. Nikamuuliza mbona basi hukuniambia? Akasema, "Ningekwambiaje jambo ambalo hata sikujua kwamba nalijua?" Waziri alikuwa chini ya meza na magari yake. Akatoa kichwa akasema, "Baba, kwani wewe hujui kusoma saa?" Nilimfukuza chumbani. Baadaye nikaenda kumwomba radhi, maana swali lilikuwa la haki.

Kikao kilikuwa wiki iliyopita, Jumatatu. Meza ndefu, watu wanne, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Mwenyekiti ni mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na huyo sina neno baya juu yake, ila alinitoa jasho. Nilisimama nikachora saa ubaoni, nikawafundisha kama ninavyofundisha darasa la kwanza: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya, kuna ugumu gani? Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo wanalijua, wameshasoma. Tatizo lake lilikuwa mimi. Ameambiwa na shule ya Waziri kwamba kwa miaka mitatu nimemfuata mtoto kila siku kwa saa za huku na sijachelewa hata mara moja. Mtu wa namna hiyo amekosea vipi mara sitini na tatu? Je, niliwahi kuandika saa zetu mahali popote kabla ya Septemba, kwa mkono wangu, au hesabu hii imebuniwa baada ya tatizo?

Sina karatasi, Dada. Orodha za sokoni nazitupa, fomu za shule najaza kwenye simu. Barua siandiki, na hilo wewe ni shahidi namba moja.

Ndipo wifi yako akafungua ule mkoba wake wa vibali na kadi za kliniki, akatoa barua yako. Hakuniangalia. Akaiweka mezani, bahasha na mhuri wa posta wa Juni, kila kitu. Mimi niliificha barua ile ndani ya kitabu cha mapishi nikijua nyumbani kwetu hakuna mwingine anayekifungua. Kumbe aliiona zamani na hakuwahi kuniambia. Nilikasirika palepale, mbele ya kamati, kwa hasira ya mtu aliyeokolewa bila kuulizwa.

Unaikumbuka barua yenyewe. Umeniandikia siku ya mwisho ya Mama saa kwa saa, kama unavyoandika zamu zako wodini. Nakala ninayokutumia utaona nimeandika pembeni kwa penseli. Ulipoandika saa tatu asubuhi daktari alipita, nimeandika: kwangu saa moja, nanyoosha shati la Waziri. Ulipoandika saa sita mchana amekunywa maji vijiko viwili, nimeandika: kwangu saa nne, foleni ya vibali. Ulipoandika saa nane amemtambua jirani na kumwita kwa jina, nimeandika: kwangu saa sita, nimesahau sabuni, narudi juu. Na chini kabisa, kwa mazoea ya kazi, nimeandika Nimeona, 11 Julai, na sahihi, kama ninavyosaini madaftari ya watoto. Naomba msamaha kwa hilo. Sikukusudia kukusahihisha.

Basi Nimeona hiyo ndiyo iliyomshawishi mwenyekiti. Lakini kabla hajaikubali alitaka barua yote isomwe na kutafsiriwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mezani anayeijua lugha zaidi yetu. Wifi yako akataka asome yeye. Nikakataa, nikasema barua ni yangu. Kwa hiyo nimesimama mbele ya maprofesa, Dada, nikiwatafsiria neno kwa neno kwamba mimi ni jogoo aliyelazwa juu ya mayai, kwamba nimehama na kuolewa, kwamba mwanamume mzima anafua nguo za mtoto wakati mama yake anakata roho. Bwana Nukta alikohoa. Yule mama akavua miwani akaifuta, akaniambia niendelee nikiwa tayari.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Barua ile nilikuwa sijaimaliza. Penseli yangu imeishia saa nane kwa sababu macho yangu yaliishia hapo. Nikaruka mpaka chini, nikaandika Nimeona kama mwalimu mvivu, nikaificha. Sikukujibu kwa sababu sikujua ningejibu nini barua ambayo sijaisoma. Wewe ukadhani nimenuna. Na mimi nikadhani bora udhani hivyo.

Sikuja kumzika Mama, na sababu unaijua, ingawa hujaikubali. Pasipoti zetu zilikuwa ofisi ya vibali zinasubiri mihuri, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilikwenda dirishani pale siku tatu mfululizo. Siku ya tatu karani aliniambia ninaweza kuondoka wakati wowote nipendao, ila nisitegemee kurudi. Nilisimama nikaangalia mlango wa kutokea. Sikuupita, Dada. Kama una hasira, iweke hapo, kwenye mlango ule. Usimwekee wifi yako, yeye aliniambia niende.

Kamati imekubali. Namba sitini na tatu zitaingizwa upya kwa saa zilizo sahihi, na ukuta umepona homa yake. Bwana Nukta amempa wifi yako mkono, kisha akamwambia kwamba katika sura ya nne ameona nukta mbili hazikukaa vizuri. Lakini sharti lao ni kwamba maelezo yote yawekwe mwisho wa tasnifu, pamoja na ushahidi, ili yeyote atakayesoma aone mwenyewe. Ushahidi ni barua yako, na mwenye barua ni aliyeiandika, kwa hiyo sahihi inayotakiwa ni yako. Nimewaambia mwandishi hasemi na mimi tangu mwaka jana. Wakanipa fomu.

Ukiisoma utaona sehemu mbili za kuweka alama. Ya kwanza unaruhusu barua yote. Ya pili unaruhusu mistari yenye saa tu, mingine ifunikwe kwa wino mweusi. Chagua upendavyo. Mambo ya Mama ni yako kuliko yangu, wewe ndiye uliyekuwepo. Kuhusu jogoo, wifi yako anasema angependa abaki, na tangu siku ile Waziri ananiita hivyo. Ukikataa yote, sitakulaumu. Tutakaa mwaka mwingine, nitapanda ngazi themanini na nne, na safari hii nitaandika kwa saa zao.

Nisalimie shemeji, na umfichie miwani mahali atakapoiona. Wasalimie wapwa wangu wote, hasa yule mkubwa anayefanya mtihani, mwambie asome swali mara mbili. Msalimie jirani yule Mama aliyemwita kwa jina. Wifi yako anakusalimu sana, amekaa hapa pembeni na Bibi, anajifanya hasomi ninachoandika. Mungu aupe mgongo wako nafuu na aiweke nyumba yako salama, hata kwa wale wanaosahau kuandika.

Nilitaka kufunga hapo, lakini nadaiwa jibu. Kwenye kile kipande nilichokuwa sijakisoma umeandika: saa kumi jioni alifungua macho, akauliza, "Huko kwao sasa ni saa ngapi?" Hakuna aliyejua. Dakika kumi na tano baadaye akaondoka. Nilikitafsiri kipande hicho nikiwa nimesimama, na nikamaliza nikaketi.

Penseli siruhusiwi kuiongeza sasa, barua ni ushahidi, hata nukta hawataki. Basi naandika hapa, na wewe ukienda makaburini umfikishie. Ilikuwa Jumanne, zamu yetu. Huku ilikuwa saa nane mchana, saa nane yetu, Mama, ile uliyotufundisha. Nilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, nagombana na mtu kwa sababu ya soksi moja ya mtoto.

Wako akupendaye, hata ukiwa umenuna,
Mdogo wako, kitindamimba